Mifupa inauma, lakini ugonjwa uko kwenye figo

Afya ya mlimaji



Mara nyingi kwenye kurasa hizi tunaongea juu ya mnyauko wa migomba, kukata matawi ya kahawa ao kuchachusha kakao. Leo tunaongea juu ya mtu mwenyewe, yule anayeshika jembe. Tumeandika habari hii kwa sababu ya mwanamemba mmoja tuliyempoteza, na kwa sababu sisi waagronomu tulimpa shauri lisilomfaa. Jina lake na kijiji chake hatutavitaja, kwani familia yake bado iko na uchungu. Lakini mjane wake alikubali tuisimulie habari hii, ili wengine wasipite njia ileile.

Baba wa kakao

Alikuwa mlimaji wa kakao upande wa Beni, mtu wa miaka hamsini na kidogo. Kila tulipofika shambani kwake, yeye ndiye alitutangulia kati ya mistari ya miti, anatuonyesha matunda yaliyooza, anacheka. Mwaka mmoja akaanza kubaki nyuma. Anatembea kidogo, anakaa juu ya gogo.

«Mifupa inaniuma sawa vile mutu amenipika fimbo,» alituambia. «Mugongo, kiuno, miguu, yote. Ni juu ya jembe.»

Tukakubali. Ni mlimaji gani mgongo haumuumi? Kila siku ya soko alipita kwenye farmasi kuomba «diklo», anameza asubuhi na jioni, maumivu yanatulia, anarudi kazini. Siku zilezile tulikuwa na mafundisho ya lishe bora kwenye koperative yao. Tukapanga juu ya meza chakula cha kujenga mwili na mifupa: ndagala, maharagi, ndizi, sombe. Tukamwambia mbele ya watu wote: «Baba, ukule hivi kwa wingi, mifupa itapata nguvu.» Kwa mtu mwenye figo nzima fundisho hilo ni zuri, na mpaka leo tunalitoa. Kwake yeye lilikuwa ni kuongeza mzigo kwa mtu ambaye tayari ameanguka.

Miezi michache baadaye uso wake ukaanza kuvimba asubuhi, miguu jioni. Mwili ukamwasha usiku kucha. Chakula kikamchukiza. Watoto wakampeleka hospitali, na tansio ikakutwa 21 kwa 12. Walipopima damu, daktari aliwaita watoto pembeni: figo zote mbili zilikuwa karibu kuzimika, na kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu.

Familia iliuza nusu ya shamba la kakao. Wakavuka mpaka kule Kasindi, wakaenda mpaka Kampala. Mashine hiyo si ya siku moja: kwa kawaida ni mara 3 kwa juma, kila mara karibu masaa 4, na hivyo maisha yote, ao mpaka mtu apandikizwe figo ya mtu mwingine. Bado hapo kuna nyumba ya kulala, chakula, na mtu wa kumlinda mgonjwa. Baada ya juma 5 pesa iliisha. Baba akasema arudishwe nyumbani, na hakumaliza mwezi.

Siku ya matanga mke wake alituuliza bila hasira: «Ninyi mulimuambia akule ndagala juu ya mifupa. Kumbe mifupa haiko ndiyo ilikuwa mugonjwa?»

Swali hilo ndilo tunajaribu kulijibu hapa.

Figo na mfuko wa NPK

Kila mwanamemba amekwisha kuona mfuko wa mbolea ulioandikwa NPK 17-17-17. N ni azoti, inayoleta majani. P ni fosforasi, inayosaidia mizizi na maua. K ni potasiamu, inayojaza matunda na kukaza shina. Ndiyo maana tunawashauri kumwaga majivu ya jikoni chini ya mgomba, kwani majivu yana potasiamu nyingi.

Vitu hivi vitatu havibaki shambani. Vinaingia katika ndizi, katika maharagi, katika viazi na sombe, na kutoka humo vinaingia ndani yetu. Mwili unavihitaji. Lakini mnajua mbolea ikizidi inaunguza mche. Vilevile vikizidi kwenye damu vinaweza kuua mtu. Kazi ya kupima na kutoa kile kinachozidi ni ya figo.

Figo ziko mbili, nyuma ya tumbo, chini kidogo ya mbavu, kila upande wa uti wa mgongo moja. Kila figo ni kubwa sawa ngumi, na ndani yake kuna vichujio vidogo sana karibu milioni 1. Kwa siku moja zinachuja maji ya damu karibu lita 180, yaani bidoni 9 za lita 20. Karibu yote yanarudi mwilini. Lita 1 ao 2 tu ndizo zinatoka kama mkojo, pamoja na uchafu na vitu vilivyozidi.

Tuanze na N. Azoti ya nyama, samaki na maharagi mwilini inageuka kuwa urea. Ni urea ileile, kitu kimoja kabisa na ile ya mfuko wa mbolea yenye azoti 46%. Figo zikishindwa kuitoa, urea na uchafu mwingine unabaki kwenye damu: kichefuchefu, mdomo kunuka, mwili kulegea, usingizi mchana, na mwishoni akili kupotea.

K ni hatari kwa namna nyingine. Potasiamu ikipanda sana kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafula, bila kupiga hodi. Mtu alikula vizuri jioni, asubuhi wanamkuta amekufa, na jirani wanaanza kutafuta mchawi.

P ndiyo inayotupeleka kwenye mifupa.

Kuku anayetaga bila chokaa

Wale wanaofuga kuku wa mayai wataelewa upesi. Ganda la yai ni kalsiamu. Kuku anayetaga sana, ukimnyima kalsiamu kwenye chakula, haachi kutaga siku ileile. Anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Mayai yanaendelea kutoka, mwenye kuku anafurahi, mpaka siku moja anamkuta amelala chini, miguu haimbebi tena.

Kwa mtu mwenye figo mgonjwa mambo yanapita karibu vilevile. Kalsiamu ya mwili, 99% iko kwenye mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki inatembea katika damu na kufanya moyo na misuli vifanye kazi, na mwili haukubali ipungue. Sasa figo zikidhoofika, mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja.

La kwanza, vitamini D. Jua linaianzisha kwenye ngozi, ini linaiendeleza, lakini figo ndizo zinaimaliza ili ifae. Isipomalizwa, matumbo hayachukui kalsiamu vizuri, hata mtu akikaa juani siku nzima na kula vyakula vyenye kalsiamu.

La pili, fosforasi haitoki tena vya kutosha, inarundikana kwenye damu.

Shingoni kuna tezi ndogo 4, kila moja kama punje ya mchele. Zikisikia kalsiamu inashuka na fosforasi inapanda, zinatoa homoni yenye kuamuru mifupa itoe kalsiamu yake. Mifupa inatii. Inatoa leo, inatoa kesho, mwaka mzima, miaka miwili, sawa depo ya koperative ambayo jeran anatoa magunia kila usiku na hakuna anayeleta mengine. Mifupa inakuwa myepesi, inauma, na inaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Kwa mtoto, miguu inapinda na kimo kinasimama. Na kalsiamu iliyotoka kwenye mifupa, pamoja na fosforasi, inaweza kuganda ndani ya mishipa ya damu na kuifanya migumu kama ukuta wa chokaa. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo wanakufa kwa ugonjwa wa moyo.

Kuna jambo la tatu. Figo ndizo zinatoa homoni yenye kuamuru uboho, yaani mafuta ya ndani ya mfupa, kutengeneza damu nyekundu. Zikichoka, damu inapungua. Mtu anapauka, anahema kwa kupanda kilima kidogo, na watu wanasema amezeeka.

Basi, Mama, jibu letu ni hili. Mifupa ya baba ilikuwa mgonjwa kweli, lakini ugonjwa haukuanzia pale. Ulianzia kwenye figo, na figo huenda ziliharibiwa na tansio ambayo hakuna aliyeipima. Ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana fosforasi nyingi. Tulimwongezea kile ambacho figo zake hazikuweza tena kutoa. Ndizi na sombe zilimletea potasiamu. Na diklo, iliyokuwa inamtuliza, ilikuwa inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Kila alipotuliza mfupa, aliumiza figo.

Tunasema wazi ili mtu asishike vibaya: si kila mgongo unaouma ni figo. Maumivu mengi ya mgongo yanatoka kweli kwa jembe, kwa kubeba mizigo na kwa kuinama. Tena figo mgonjwa kwa kawaida haiumi. Inaharibika kimyakimya. Kwa hiyo anayengoja maumivu ya figo ili aende kupimwa, atangoja mpaka kuchelewa.

Nani anaziharibu figo zetu?

Wakubwa wawili ni tansio ya juu na ugonjwa wa sukari. Vyote viwili vinakula vichujio vidogo vya figo polepole kwa miaka. Watu wengi wanafikiri ni magonjwa ya watajiri wa mjini Butembo wenye magari. Sivyo. Mjini Kinshasa watafiti walipima watu wazima karibu 500 katika kanda mbalimbali za afya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: 12.4% walikuwa na dalili za ugonjwa wa figo wa kudumu. Duniani inakadiriwa ni karibu mtu 1 kati ya 10.

Magonjwa yetu ya kila siku nayo yamo. Malaria kali inaweza kufunga figo kwa siku chache. Mkojo unapungua ao unakuwa mweusi kama kahawa. Kuhara na kutapika kunakausha mwili, na figo isiyopata maji ya kutosha inaumia. Hayo yakitibiwa mapema, mara nyingi figo inarudi. Yakicheleweshwa, inabaki na kovu.

Halafu kuna yale tunayojifanyia wenyewe.

Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na indometasini zinauzwa kwetu kama karanga. Kuzimeza siku mbili tatu kwa shauri la mwuguzi ni jambo moja. Kuzimeza miezi na miaka ni jambo lingine. Sindano ya «jenta» nayo, yaani jentamisini, ni dawa nzuri ikipimwa vizuri, lakini ikitolewa ovyo inaharibu figo na masikio. Vilevile mizizi na majani yanayochemshwa bila kipimo: mwili haujui kama sumu imetoka dukani ao porini.

Dawa za shamba zinatuhusu sisi waagronomu moja kwa moja. Tumeona watu wanapulizia viazi na kabichi mikono mitupu, wanachanganya dawa kwa kijiti na kufungua kifuniko kwa meno. Dawa ya majani inayoitwa parakwati, funda moja tu likimezwa, hata kwa bahati mbaya, linaweza kuua figo na mapafu. Ulaya waliikataza tangu mwaka 2007. Chupa ya dawa ya shamba isitiwe kamwe mafuta ya mawese, wala maji ya mtoto.

Zebaki ni sumu nyingine ya figo. Vijana wetu wanaoacha shamba na kwenda kuchimba dhahabu wanaichoma juu ya moto na kuvuta moshi wake. Na wengine wanaipaka usoni bila kujua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa ugonjwa wa figo: zaidi ya nusu walikuwa wanatumia mafuta ya kujichubua ngozi yenye zebaki. Imepita miaka zaidi ya 50, na bado kuna mafuta na sabuni za namna hiyo sokoni.

Mwisho, jua na kiu. Huko Amerika ya Kati, mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliandika juu ya wanaume wengi wenye figo zilizokufa bila tansio ya zamani wala sukari. Wengi walikuwa walimaji, na baadaye ikaonekana sana kwa wakataji wa miwa. Moja ya mambo yanayoshtakiwa ni kazi ngumu juani bila maji. Kule sasa wanafundisha maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli. Sisi wa Butembo tuna baridi ya vilima, lakini ndugu zetu wa Kasindi na wa bonde la Semuliki wanajua jua ni nini. Maneno hayo matatu yanawafaa nao.

Mama wa kahawa

Baada ya mazishi ya baba yule, kamati ya koperative moja ya kahawa kwenye miteremko ya Ruwenzori ilisikia habari. Wakachukua pesa katika mfuko wao wa kusaidiana, wakanunua mashine moja ya kupima tansio, ile ya betri yenye kufungwa mkononi. Mwuguzi wa kituo cha afya akaja siku ya kupima kahawa, akafundisha watu wawili kuitumia. Wakaiweka karibu na mizani. Kahawa inapimwa, na mwenye kahawa anapimwa.

Siku ya kwanza watu walicheka. Mama mmoja wa miaka 42, mchumaji hodari, alinyoosha mkono huku akipiga mizaha: «Mimi niko muzima, munipime haraka, niko na magunia.» Mashine ikasoma 18 kwa 11. Wakarudia baada ya kumpumzisha, ikasoma vilevile. Kawaida inapaswa kuwa chini ya 14 kwa 9.

Kwenye kituo cha afya walichovya kijiti cha kupimia ndani ya mkojo wake, kikabadilika rangi: kulikuwa na protini, na hiyo haipaswi kupita kwenye kichujio kizima. Hospitalini wakapima kreatinini katika damu. Daktari akamwambia figo zake zimebaki na karibu nusu ya nguvu, na kwamba nusu hiyo inaweza kumchukua miaka mingi kama ataitunza. Akapewa vidonge vya tansio vya kila siku. Akaambiwa apunguze chumvi, na diklo asiiguse. Maumivu yakija, parasetamoli kwa kipimo.

Huu ni mwaka wa pili. Bado anachuma kahawa, na figo hazijashuka tena. Lakini alituambia ukweli wake: «Nilishaacha dawa mara mbili, juu nilikuwa najisikia muzima.» Hapo ndipo wengi wanaangukia. Vidonge vya tansio havimezwi ili ujisikie vizuri leo. Vinamezwa ili figo ziwe hai mwaka kesho.

Mara ya tatu aliacha kwa sababu nyingine. Usiku mmoja risasi zililia, watu wakakimbia, dawa zikabaki nyumbani. Akakaa juma 3 kwa ndugu zake Butembo bila kidonge hata kimoja. Tangu hapo anaweka dawa za mwezi na karatasi ya hospitali katika mfuko mmoja na karte yake ya uchaguzi, karibu na mlango. Tunawaomba wote wenye dawa za kila siku wafanye hivyo. Kwetu hapa hiyo nayo ni sehemu ya matibabu.

Sahani ya mgonjwa si sahani ya mtu mzima

Hapa ndipo tulikosea, basi tuseme polepole.

Kwa mtu mwenye figo nzima, na hata mwenye tansio tu, kula kwetu ni kuzuri: maharagi, mboga, ndizi, matunda. Msiache. Kinachopaswa kupungua ni chumvi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na chumvi iliyofichama ndani ya kubu za mchuzi na samaki wa chumvi.

Kwa mtu ambaye daktari amemwambia figo zimeshuka sana, na potasiamu ao fosforasi imepanda kwenye damu, mapishi yanabadilika. Viazi, ndizi za kupika na mihogo vimenywe, vikatwe vipandevipande vidogo, vichemshwe katika maji mengi, na maji yale yamwagwe. Sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Lenga-lenga na mboga nyingine za majani vivyo hivyo. Supu ya mboga, ambayo tunasema ina nguvu yote, kwake ndiyo ina potasiamu yote.

Ba mama wengine wanatia maji ya majivu ndani ya sufuria ili maharagi yaive upesi. Kumbukeni tulichosema juu ya majivu na mgomba: ni potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo, aachwe kabisa na maji hayo. Vilevile ile «chumvi isiyo na chumvi» inayouzwa mjini kwa wagonjwa wa tansio. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Juu ya fosforasi, apunguze ndagala wa kuliwa na mifupa, na asinywe soda nyeusi za kola, kwani zinatiwa asidi ya fosforasi. Dawa za tumbo zenye aliminiamu nazo asizizoee: figo mgonjwa haiwezi kuitoa, inaingia katika mifupa na kuiharibu zaidi.

Lakini asijinyime chakula kwa woga. Mgonjwa anayekula uji mtupu anakufa kwa utapiamlo kabla ya figo. Kiasi cha maharagi, yai ao nyama kinapangwa na daktari kufuatana na damu yake. Sisi waagronomu hatupangi tena sahani ya mtu mwenye kuvimba ao mwenye mifupa ya kuuma bila kumuuliza kwanza: ulipimwa?

Koperative inaweza kufanya nini

Mashine za kusafisha damu ni chache na ziko mbali. Habari njema zipo: Muhimbili, Dar es Salaam, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Mulago, Kampala, mwaka 2023. Tunafurahi. Lakini mwenye hektari moja ya kakao hawezi kuweka tumaini lake huko. Tumaini lake liko kwenye kipimo cha mapema, na hicho koperative inakiweza:

1. Kununua mashine moja ya tansio na betri za akiba, na kuiweka karibu na mizani siku za mavuno. Mwuguzi afundishe watu wawili, mama mmoja na baba mmoja.

2. Kila mwanamemba mwenye miaka 40 na zaidi apimwe angalau mara 1 kwa mwaka. Mwenye 14 kwa 9 ao zaidi apimwe tena siku nyingine, halafu aende kituo cha afya kupima pia mkojo na sukari. Mama mwenye mimba apimwe kila mara anapokwenda kliniki.

3. Kutumwa hospitali bila kuchelewa: mwenye uso ao miguu ya kuvimba, mkojo wa mapovu yasiyoisha, mkojo wa damu ao mweusi, na mwenye kukojoa kidogo sana baada ya malaria ao kuhara.

4. Mwenye kumeza dawa ya maumivu zaidi ya juma 1 aache kwenda farmasi, aende kupimwa.

5. Depo ya koperative isiuze parakwati, na mwenye kupulizia avae glavu, buti na kitambaa puani, aoge kabla ya kula.

6. Mfuko wa kusaidiana uweke sehemu kwa vidonge vya tansio na vya sukari. Vidonge vya mwaka mzima ni kitu kidogo mbele ya safari moja ya Kampala.

Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, tulijifunza kunawa mikono na kupimwa joto kwenye kila kizuizi, kati ya Beni na Butembo. Wengi walikasirika, wengine walikimbia hospitali na mpaka leo wanaiogopa. Tunaelewa. Lakini kipimo cha tansio hakichukui damu, hakifungi mtu ndani, na majibu mtu anayasoma mwenyewe papo hapo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na figo zinaficha zenyewe, tusizisaidie kuficha.

Kila mwaka, Alhamisi ya pili ya mwezi wa 3 ni Siku ya Figo Duniani. Tunaomba kila koperative ya Beni, Lubero na Butembo ipime wanamemba wake juma hilo, na ituletee hesabu tu, bila majina: wangapi walipimwa, wangapi walikutwa juu.

Mjane wa baba wa kakao ameingia mwenyewe katika koperative kwa ile nusu ya shamba iliyobaki. Mara ya mwisho tulipofika, alikuwa amekaa karibu na mizani na daftari mkononi, anaandika tansio za watu. Alitupima sisi kwanza, kabla ya kutusalimia.